UZI: Skuta ya umeme kwa mzee wako Nyanda za Juu Kusini? Pima mlima wa kwenu kwanza, bei baadaye

Mleta uzi (Mbeya)

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Mara kwa mara mtu anauliza humu: nataka kumnunulia mzazi skuta ya umeme, ile ya kukalia yenye usukani na kikapu mbele, nichukue ipi? Majibu yanayokuja ni ya bei, rangi na kilomita ngapi inakwenda kwa chaji moja. Majibu hayo yanamfaa mtu wa tambarare. Sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe tunaishi milimani. Skuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzunguka ndani ya duka kubwa la Ulaya, ukiileta kwenye kichochoro kinachopanda kuelekea Loleza, itazima katikati ya mlima na mzee akiwa juu yake. Jambo hili nalishughulikia kwa ajili ya mama yangu, kwa hiyo naandika kwa urefu. Mwenye haraka asome sehemu ya mlima tu.

Mama yangu magoti yamesagika. Ndani anatembea kwa fimbo na uani anafika, ila akivuka geti anaanza kutafuta pa kukaa. Hospitali wametuambia aendelee kutembea kadiri anavyoweza, safari ndefu asizilazimishe. Na mama si mtu wa kukaa ndani. Anataka kwenda jumuiya, kanisani, kwenye kikoba, na gengeni akachague maharage mwenyewe. Ukimletea uliyochagua wewe anayamwaga kwenye ungo, anapitisha kidole taratibu, anatenga yaliyotobolewa na wadudu, wala hasemi neno. Mtu wa namna hiyo ukimwambia awe anaagizia bodaboda kila kitu, unamfungia ndani akiwa bado ana akili zake na hamu yake.

Kwanza hakikisheni skuta ndicho kifaa chake. Skuta inamtaka mtu akae wima bila kuegemezwa, mikono yake miwili ishike usukani na kuukata, aone vizuri, na aweze kusimama na kupiga hatua chache za kupanda na kushuka. Kama kiuno hakina nguvu, au mkono mmoja umepooza kwa kiharusi, mfikirie kiti mwendo cha umeme kinachoongozwa kwa kijiti kwenye mkono wa kiti. Kama ana mtoto wa jicho, atibiwe kwanza, maana upasuaji wake upo na unasaidia. Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia amwangalie anavyokaa na anavyoinuka. Muuzaji hawezi kuwaambia hilo.

Sasa mlima. Tafuta ubao ulionyooka wa mita moja, azima pima maji na futi kwa fundi ujenzi, halafu tembea njia yote ambayo mzee ataipita. Simama kwenye kipande kikali kuliko vyote. Laza ubao kufuata mteremko, ncha ya juu ikae chini kabisa ardhini, kisha inua ncha ya upande wa bondeni mpaka povu la pima maji litulie katikati. Pima kwa futi kutoka ardhini hadi kwenye ile ncha uliyoinua. Ukipata sentimita 10 na nusu, mlima wako ni nyuzi 6. Sentimita 14 ni nyuzi 8, 17 na nusu ni nyuzi 10, na 21 ni nyuzi 12.

Skuta ndogo zile za kukunja au kugawanya vipande, nyingi zimekadiriwa kwa nyuzi 6 hivi. Za kati ni 8 hadi 10, na kubwa 10 hadi 12. Kwa hiyo ukipima nyumbani ukakuta sentimita 16, umeshaziondoa zile ndogo zote kabla hujauliza bei ya hata moja. Na angalieni sana, wauzaji wengine wanaandika asilimia, siyo nyuzi. Asilimia 12 haifiki nyuzi 7, na mtu akiona 12 kwenye tangazo anadhani amepata skuta ya kupanda ukuta.

Kwa nini hizo ndogo zinashindwa? Chukua mzee wa kilo 80, skuta ya kilo 50, na kikapu cha kilo 5. Jumla kilo 135. Kuipandisha mlima wa nyuzi 10 kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa kunahitaji zaidi ya wati 250 kwa kuinua uzito peke yake, bado matope, bado msuguano wa matairi. Mota za skuta ndogo ziko hapo hapo au chini yake. Itapanda hatua kadhaa, itapata moto, halafu kikata umeme chake kitaikatisha. Mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi juu ya bahari hauipunguzii mota ya umeme nguvu kama unavyoipunguzia injini ya petroli, hapo tuna afadhali. Kinachotusumbua ni mteremko.

Angalia pia mota inasukuma gurudumu gani. Skuta ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa mwaka 1968 huko Michigan, Marekani, na Allan Thieme, kwa ajili ya ndugu yake aliyekuwa mgonjwa, na nguvu yake ilikuwa gurudumu la mbele. Kwa ndani ya nyumba hilo halina shida. Mlimani uzito wote unarudi nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kuanza kuserereka. Kwetu nguvu iwe nyuma.

Magurudumu matatu au manne? Matatu yanakata kona mahali padogo na miguu inapata nafasi. Lakini kila mtu hapa ameona bajaji ilivyoinama ikikata kona kwa kasi, na skuta ya matatu ina tabia hiyo hiyo, hasa ukiipitisha mteremko kwa ubavu au tairi moja ikiingia kwenye kingo ya mtaro. Kwa barabara zetu za mitaani mimi nasema manne, tairi za upepo, na tumbo la skuta liwe juu ya ardhi sentimita 10 au zaidi. Ndogo nyingi ziko kwenye sentimita 5, jiwe moja tu linaikwamisha.

Breki wengi hawazielewi. Skuta hizi hazina pedali. Unabonyeza kijiti kwa kidole inakwenda, ukiachia inapungua yenyewe na breki ya sumaku inafunga, hata umeme ukikatika. Ndiyo maana zinamfaa mzee. Hatari iko kwenye kile kijiko cha nyuma cha kuachia gia ili skuta isukumwe kwa mkono. Gia ikiachiwa, breki haipo tena. Mjukuu akikigusa skuta ikiwa mlimani, inashuka na bibi yake. Mfundisheni kila mtu wa nyumba hiyo kitu, na watoto wakatazwe kukigusa kabisa.

Betri na kununua vya mtumba nitakuja navyo. Karibuni kwa maswali.

Mdau (Njombe)

Kamwene mkuu, uzi mzuri. Huku kwetu Juni na Julai asubuhi maji ya ndoo yanauma mikono. Nimesikia betri hazipendi baridi. Baba yangu yuko nje kidogo ya mji, njia si mlima sana. Nichukue betri za aina gani?

Mleta uzi

Kamwene mkuu. Ni kweli, baridi inapunguza chaji inayotumika, hasa kwa betri za risasi. Ikipoa sana umbali unapungua, ukirudi kwenye joto unarudi. Za lithiamu ni nyepesi na zinadumu mizunguko mingi zaidi, ila zisichajiwe zikiwa kwenye sifuri au chini yake. Njombe mjini si kila siku mnafika huko, lakini wenzetu wa Makete na Kitulo wanaoona barafu kwenye majani asubuhi wawe makini. Lazeni skuta ndani, chajini jioni wakati betri bado ina joto la matumizi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Najua huku tunaota moto wa jiko la mkaa ndani. Msichaji skuta chumba kimoja na jiko linalowaka, na mzee asilale chumba chenye jiko hata kama hana skuta. Ule moshi usioonekana unaua.

Mdau (Mbeya, Soweto)

Mkuu, kwa nini tusichukue zile pikipiki za umeme za matairi matatu za Kichina? Zina nguvu, zinapanda mlima wowote, zinabeba na gunia, na bei haipishani sana.

Mleta uzi

Nguvu zinayo, sikatai. Kwa kijana au kwa mama wa miaka 50 anayefanya biashara zinafaa sana. Kwa mzee wa 75 naziogopa. Nyingi zinakwenda kilomita 25 kwa saa na kuzidi, moto unakolezwa kwa kuzungusha mkono kama pikipiki, na ukiachia haijifungi breki, inaendelea kuserereka. Mzee akishtuka mkono unakaza. Kwenye pikipiki kukaza mkono na kuusokota ni kuongeza moto. Hata skuta ya wazee yenye kijiti cha kidole ina hatari hiyo kidogo, ndiyo maana mama tunamfanyisha mazoezi uwanjani ya kuachia tu: nikisema "achia", anaachia. Chagueni usukani wenye mpini wa duara unaozunguka kiganja, mwenye baridi yabisi anaweza kubonyeza kwa vidole vyote badala ya dole gumba peke yake.

Mwendo wa skuta za wazee huko Uingereza ni wa aina mbili: za njia ya waenda kwa miguu, kilomita 6 hivi kwa saa, na kubwa zinazoruhusiwa barabarani, karibu kilomita 13. Hizo kubwa zina swichi ya kuzipunguza zirudi kwenye mwendo wa chini. Nataka kubwa kwa ajili ya mota na tairi zake, halafu swichi ibaki kwenye mwendo wa chini. Na barabara kuu ya Tunduma mzee asiingie kabisa. Malori yale hayamwoni mtu aliyekaa chini hivyo.

Fundi (Mwanjelwa)

Wakuu mimi nafunga mota na betri, niongezee hapo. Nyingi za risasi zinakuja na betri mbili za volti 12, zimefungwa mfululizo kupata 24. Ukitaka kujua tangi lake, yaani umeme inaotunza, lina ukubwa gani, zidisha volti kwa ampea saa (ile namba yenye Ah kwenye betri). Ndogo, 24 mara 12, unapata wati saa 288. Ya kati yenye ampea saa 36 unapata 864, yaani mara tatu. Tangazo likisema kilomita 30, ujue wamepima tambarare, betri mpya, mpanda mwepesi. Kwa Mbeya kata nusu, usibishane na mtu.

Betri zikifa msikubali kuwekewa za gari. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya hadi chini kila siku inakufa haraka, na ya maji ikilala inamwaga tindikali. Tafuteni kwenye maduka ya sola, zile zilizofungwa kabisa aina ya AGM au jeli, ila pimeni urefu, upana na kimo cha kisanduku kwanza. Badilisheni zote mbili kwa mkupuo, mpya na kuukuu zikifungwa pamoja kuukuu inaivuta mpya.

Kupima ya mtumba: chaji ijae, iache ipumzike saa kadhaa, weka mita. Kila betri isome volti 12.7 au zaidi. Halafu muweke mtu mzito juu, mpandishe mlima huku mita ikiwa bado kwenye betri. Ikidondoka chini ya 10.5 hiyo betri imekwisha, kataa au punguza bei. Mota ikitoa cheche na harufu, mara nyingi ni kaboni zimeisha. Hizo anazibadilisha fundi yeyote anayejua stata za magari.

Mleta uzi

Ndaga fijo fundi, umenipunguzia kazi. Niongeze la LUKU kwa wanaoogopa umeme: betri ya hiyo wati saa 864 kuijaza kutoka mwisho haizidi sana uniti moja na robo. Si gharama ya kumnyima mtu usingizi. Tatizo ni kuiacha bila chaji. Betri ya risasi ikikaa imeisha wiki mbili tatu inaanza kuharibika, kwa hiyo ikitumika leo, ichajiwe leo usiku, hata kama imekwenda kanisani tu na kurudi. Umeme ukikatika usiku, endeleeni asubuhi.

Mdau (Tukuyu)

Sisi huku mvua ni kama ndugu wa nyumbani, mwaka unaweza kupita milimita 2,000. Skuta itapona kweli?

Mleta uzi

Itapona ikitunzwa, ila si chombo cha mvua. Manyunyu inavumilia. Mvua ya Tukuyu ile ya kudumu inaingia kwenye swichi za usukani na kwenye kisanduku cha kuongozea mota chini ya kiti, na hicho ndicho kipande cha gharama. Kishoneeni kifuniko cha turubai kizima, na siku za mvua kubwa mama abaki nyumbani au aitiwe bajaji. Msiioshe kwa mpira wa maji wala mashine ya presha, tambaa lenye unyevu linatosha. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza, hivyo mlima wa nyuzi 10 wa kiangazi msiupande kati ya Novemba na Aprili kama si lami au zege.

Mlangoni pia msisahau. Kipimo kinachotumika sana cha njia ya kiti mwendo ni moja kwa kumi na mbili: kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa zege wa sentimita 180. Mafundi wetu wanapenda kuweka mfupi wenye mwinuko mkali, simama nao wakati wanaumwaga. Zege likwanguliwe mistari lisiteleze.

Mdau (Mbeya, Uyole)

Shangazi yuko Uingereza, anataka kutuma ya mtumba kwenye kontena. Mwingine yuko Marekani anasema za kule ni nafuu. Tuchukue wapi?

Mleta uzi

Za Uingereza zina raha moja, umeme wao na plagi yao ni kama vyetu. Chaja ya Marekani inaweza kuwa ya volti 120 tupu, ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua hapo hapo. Someni kibandiko: kikiandikwa 100-240 haina shida. Chaja iliyopotea mkinunua nyingine, iwe ya volti 24 na ya aina ya betri hiyo hiyo. Chaja ya betri za risasi msichajie betri ya lithiamu. Ufunguo na kitabu cha maelekezo vije pamoja, kwa sababu skuta ikiwa na hitilafu inawasha taa au kulia mara kadhaa, na kitabu ndicho kinachosema milio mitatu maana yake nini.

Tairi nazo muulize namba iliyoandikwa ubavuni kabla hajatuma. 4.10/3.50-4 na 3.00-4 ni saizi zinazotumika hata kwenye toroli ndogo za kubebea mizigo, kwa hiyo tyubu zake si za kuagiza ng'ambo. Ikiwa saizi ya ajabu, na tyubu mbili za akiba ziingie kwenye kontena.

Forodha: Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 lina msamaha wa ushuru kwa vifaa vya watu wenye ulemavu. Ila kuna ugomvi wa muda mrefu duniani kama skuta yenye usukani ni kifaa cha mwenye ulemavu, namba 8713 kwenye orodha ya forodha, au ni gari dogo, namba 8703. Ugomvi huo ulifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2016. Kwa hiyo ongeeni na wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka, mkiwa na barua ya daktari inayoeleza hali ya mgonjwa na ankara inayosema wazi kifaa ni cha nini. Mkisubiri mpaka mzigo ufike bandarini mtalipia na siku za kukaa.

Mdau (Iringa)

Mkuu, bibi yangu anakaa Ipogolo na kanisa lake liko mjini juu. Nimekwenda na ubao kama ulivyosema, nikapata sentimita 15 kwenye kichochoro cha nyumbani. Ile barabara ya kupanda mjini sijaipima, magari ni mengi. Bibi ana kilo 92.

Mleta uzi

Safi sana, umefanya kitu sahihi. Sentimita 15 ni nyuzi 8 na nusu, kwa hiyo tafuta iliyokadiriwa nyuzi 10 au zaidi, na uzito inaoruhusu uanzie kilo 130 ili bibi, kikapu na ununuzi wake vibaki na nafasi. Magurudumu manne, nguvu nyuma, betri ampea saa 36 kwenda juu.

Ile barabara ya kupanda mjini usiipime kabisa, na bibi asiipande kwa skuta. Hata mota ikiweza, ni mlima mrefu, na malori na mabasi hayatamsubiri. Jumapili mwiteni bajaji au taksi, apande na fimbo yake, na pale kanisani awepo mtu wa kumshika mkono. Skuta iwe ya Ipogolo: dukani, jumuiya, kwa jirani, msibani. Usinunue ya kugawanya vipande kwa matumaini ya kuipakia kwenye bajaji kila wiki. Zile ndizo zenye mota ndogo, kichochoro chenu kitaishinda, na kipande chake kizito peke yake kinaweza kufika kilo 15 hadi 20.

Kabla hujalipa, muombe muuzaji akutumie picha tatu: kibandiko cha chini ya kiti chenye uzito na nyuzi, kibandiko cha chaja, na namba ya ubavuni mwa tairi. Ziweke hapa, fundi na mimi tutazisoma. Na siku ya kuijaribu nenda na bibi mwenyewe. Akae, miguu yote miwili ikae bapa, azungushe kiti kwa pembeni, ainuke bila kuvutwa. Akishindwa kuinuka kwenye kiti hicho, tafuteni nyingine.

Mdau (Iringa)

Nashukuru sana mkuu. Jumamosi naenda naye, picha nitaziweka humu.